Seli zisizozaliwa tena: konea ya mgonjwa wa mtoto wa jicho

Bandeji ikitolewa asubuhi baada ya upasuaji, lenzi mpya ikiwa imekaa sawasawa, mgonjwa bado anaweza kusema, “Daktari, naona moshi.” Ndugu waliomleta kutoka Busia au Moroto hushtuka: mtoto wa jicho amerudi? Hajarudi. Anayeongea Luganda husema ensenke, anayeongea Kiswahili husema mtoto wa jicho, na wote wawili wanazungumzia lenzi iliyofifia nyuma ya mboni. Moshi wa siku ya kwanza kwa kawaida uko mbele zaidi, kwenye konea, kioo cha mbele cha jicho, na mara nyingi chanzo chake ni safu ya seli ambayo hakuna aliyeitaja kabla ya upasuaji.

Makala hii ni ya safu hiyo, pamoja na ugumu na unyumbufu wa konea yenyewe. Tumewaandikia maafisa tabibu wa macho, wauguzi wa chumba cha upasuaji na madaktari wanaoanza kushika kisu, lakini mgonjwa au mwanawe mwenye subira ataelewa sehemu kubwa.

Ukuta wa seli moja

Konea ya mtu mzima ina unene wa takriban mikromita 540 katikati, yaani nusu milimita na ushee. Karibu asilimia 90 ya unene huo ni stroma, nyuzi za kolajeni zilizolazwa kwa mpangilio ndani ya vitu vinavyopenda sana kunyonya maji. Nje kuna epitelia, mikromita 50 hivi, ambayo ikikwaruzwa hupona kwa siku chache. Ndani kabisa, juu ya utando wa Descemet, kuna endotelia: seli zimepangwa safu moja tu, unene wa mikromita 5 hivi, nyingi zikiwa na pembe sita kama sega la nyuki.

Endotelia hufanya kazi mbili zinazovutana. Kwa kuwa konea haina mishipa ya damu, seli hizi huacha maji ya chemba ya mbele, nafasi kati ya konea na irisi, yapenye taratibu, yakileta glukosi. Papo hapo huyarudisha maji yaliyozidi kwa pampu za sodiamu na bikaboneti. Mvujo na pampu vikilingana, stroma hukaa na maji asilimia 78 hivi na konea huwa angavu. Pampu zikizidiwa, stroma hufura, nyuzi hupoteza mpangilio, mwanga hutawanyika, na konea huwa kama kioo kilichopuliziwa pumzi.

Ubaya ni kwamba endotelia ya binadamu haizai seli mpya ndani ya jicho kwa kiwango cha kusaidia. Seli ikifa, jirani zake hujinyoosha kuziba pengo. Ndiyo maana kuumia kwake hakuonekani mapema: konea yenye seli 1,200 kwa milimita ya mraba inaweza kung’aa sawa na yenye 2,800. Mtoto mchanga huanza na zaidi ya 4,000. Mtu mzima huwa na 2,500 hadi 3,000. Na kwa umri peke yake hupotea asilimia 0.6 kila mwaka. Zikishuka hadi kati ya 500 na 700 hivi, pampu haziwezi tena, na uvimbe huwa wa kudumu.

Upasuaji hukata kipande cha akiba hiyo. Upasuaji uliokwenda vizuri hupoteza asilimia 5 hadi 15, kisha upungufu wa kila mwaka huendelea kwa kasi kuliko wa umri. Kiwango kinachotajwa sana ni asilimia 2.5 kwa mwaka, nacho kilitokana na wagonjwa wa upasuaji wa zamani wenye jeraha kubwa, kwa hiyo kichukulieni kama hesabu ya tahadhari. Mama mwenye seli 2,500, akipoteza asilimia 10 siku ya upasuaji, anabaki na 2,250. Miaka 10 baadaye, kwa kasi hiyo, ana kama 1,750. Hana shida. Mzee mwenye 1,200, akipoteza asilimia 15, anabaki na 1,020; baada ya miaka 10 ana kama 790, na mitano mingine inamfikisha 700. Wagonjwa hawa wawili wanaweza kuketi benchi moja, na mtoto wa jicho wao akafanana kabisa. Haba na haba hujaza kibaba, wasemavyo. Hapa haba na haba hukimwaga.

Kuhesabu, kwa mashine na bila mashine

Darubini ya spekula hupiga picha ya endotelia kwa kutumia mwanga unaoakisiwa na uso wake. Wengi hudhani mtoto wa jicho aliyekomaa, mweupe kama maziwa, atazuia picha. Hazuii, maana mwanga unaosomwa unarudi kabla haujafika kwenye lenzi. Kinachozuia ni konea iliyofura au yenye kovu, macho makavu, na mgonjwa asiyetulia.

Karatasi ya majibu ina namba tatu za maana, na watu husoma ya kwanza tu. Msongamano wa seli unajulikana. Ya pili ni tofauti ya ukubwa wa seli, yaani mgawo wa utofauti: kwenye konea tulivu huwa 0.30 au chini yake, na ukipita 0.40 maana yake kuna seli zilizojinyoosha sana kando ya zilizobaki ndogo. Ya tatu ni asilimia ya seli zenye pembe sita. 60 na zaidi inaridhisha, chini ya 50 ni dalili ya ukuta unaohangaika kujiziba. Mgonjwa mwenye seli 2,100, mgawo 0.45 na pembe sita asilimia 42 anatutia wasiwasi kuliko mwenye 1,900 zilizopangika vizuri. Wa kwanza bado anapoteza. Kisukari cha muda mrefu hutoa picha ya namna hiyo mara nyingi.

Mashine nayo hudanganya. Ukiipa picha yenye seli 15 zinazoonekana itakupa jibu lenye tarakimu nne bila aibu. Msikubali chini ya seli 50, na 100 ni bora. Kwenye ugonjwa wa Fuchs kuna vinundu kwenye utando wa Descemet, huitwa guta, vinavyoonekana kama mashimo meusi. Programu huchora mipaka ya seli juu ya giza hilo, na namba hutoka nzuri kwa uongo. Tazama picha yenyewe kabla ya namba. Halafu linganisha picha ya katikati ya konea na ya katikati: jeraha likiwa juu, seli za juu hupungua zaidi, na seli huhama polepole kwa miezi kujaza pengo. Hesabu ya wiki ya kwanza haifai kumpima mpasuaji. Subiri miezi 3.

Anayefanya kazi hospitali ya wilaya hategemei kukuta mashine hii. Lakini ana taa ya mwanya, ile darubini ya mezani yenye mwanga mwembamba, na wengi hawaitumii kwa kazi hii ingawa walifundishwa, iwe Jinja kwenye shule ya maafisa tabibu wa macho au kwingineko. Weka taa na darubini zikiwa na pembe ya nyuzi 60 kati yake, mgonjwa akitazama katikati ya pembe hiyo. Anza na ukuzaji wa mara 16, mwanga wa upana wa milimita 1 hivi. Sogeza hadi uone mng’ao mkali mweupe: huo ni wa epitelia, uache. Kando yake kuna kiraka hafifu cha rangi ya dhahabu. Panda ukuzaji hadi mara 40, funga jicho moja, maana mng’ao huo huonekana kwenye lenzi moja tu ya darubini, kisha rekebisha taratibu. Endotelia nzima huonekana kama ngozi laini ya chungwa, yenye vidoti vidogo sawasawa. Yenye guta huonekana kama dhahabu iliyotobolewatobolewa. Hamtapata hesabu, ila mtajua ni nani asipangwe kwenye orodha ya haraka.

Swali moja la mdomo lina thamani ya kifaa: “Mzee, asubuhi ukiamka unaona vibaya kuliko mchana?” Mtoto wa jicho hana saa. Konea dhaifu inayo: macho yakifumbwa usiku kucha machozi hayapati kukauka, maji hubaki kwenye konea, na ukungu hupungua saa kadhaa baada ya kuamka. Akijibu ndiyo, mpime unene.

Pakimita ya sauti, kifaa cha kupima unene wa konea, inatosha. Tia dawa ya ganzi, kalisha ncha wima katikati ya mboni bila kukandamiza, chukua vipimo 5, tupa kile kilichoruka mbali. Ncha ikilala pembeni namba hupanda, kwani konea ni nene zaidi kuelekea ukingoni. Mgonjwa aliyelala wodini mpime mara anapoamka na tena alasiri. Hata konea salama hufura kidogo usiku, kama asilimia 3 au 4, na hurudi ndani ya saa chache. Ikichelewa hadi mchana, pampu zimechoka. Unene wa mikromita 640 na kuendelea umetumika kwa muda mrefu kama mpaka wa kumwambia mgonjwa waziwazi kwamba konea yake inaweza kushindwa baada ya upasuaji. Sisi hatusubiri 640. Guta nyingi na ukungu wa asubuhi, hata kwenye 600, zinatosha kuanzisha mazungumzo hayo, tena mbele ya ndugu watakaomrudisha nyumbani.

Wengine wa kuwekea alama kwenye kadi: aliyewahi kupata glakoma ya ghafla (presha ya jicho iliyopanda), aliyeugua uveitisi (uvimbe wa tabaka la ndani la jicho), aliyepigwa jichoni, mwenye chemba ya mbele isiyofika milimita 2.5, na mwenye unga mweupe kwenye ukingo wa mboni. Unga huo huambatana na endotelia dhaifu na kamba za lenzi zilizolegea, hivyo mgonjwa mmoja hubeba hatari mbili.

Konea inavyobonyea

Konea si kioo kikavu. Ukiibonyeza hurudi, lakini kwa kuchelewa kidogo, na sehemu ya nguvu uliyotumia humezwa humo ndani. Tabia hiyo huitwa histeresisi. Tangu 2005 kuna mashine inayoipima kwa kupuliza hewa: konea inalazwa bapa mara ya kwanza ikiingia ndani, mara ya pili ikirudi, na tofauti ya presha mbili ndiyo kipimo. Kwa mtu mzima mwenye afya huwa kama milimita 10 au 11 za zebaki. Nyingine, Corvis ST, hupiga picha zaidi ya 4,000 kwa sekunde ikitazama konea inavyobonyea. Umri na kisukari hukaza kolajeni, uvimbe huilegeza. Baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho histeresisi hushuka siku za kwanza, kisha hupanda kwa wiki kadhaa kadiri jeraha linavyofunga na maji yanavyotoka.

Kwa nini afisa wa Kasese asiyekuwa na mashine hizo ajali? Kwa sababu ya presha ya jicho. Kipimo cha Goldmann hulaza eneo la kipenyo cha milimita 3.06 na kudhani konea ni ya unene wa mikromita 520 hivi na ugumu wa kawaida. Konea nyembamba husomwa chini ya ukweli, nene yenye afya husomwa juu. Watu wenye asili ya Afrika, kwa wastani, wana konea nyembamba kidogo, na glakoma ni ugonjwa wetu. Presha ya 19 kwenye konea ya 490 isipokewe kwa faraja. Majedwali ya kusahihisha namba moja kwa moja hatuyaamini sana, kwani unene na ugumu ni mambo mawili. Andika unene kando ya presha, basi.

Mtego wenyewe uko siku ya kwanza baada ya upasuaji. Konea ni nene, mtu anakumbuka kwamba nene husomwa juu, anapunguza namba kichwani na kumruhusu mgonjwa. Kumbe unene huu ni wa maji. Konea iliyofura ni laini kama mkate uliolowa, na Goldmann huisoma chini ya ukweli. Namba 24 kwenye konea ya aina hiyo inaweza kuficha 30 na kitu. Kipimo chenye ncha ndogo, kama iCare au Tono-Pen, huaminika zaidi hapo. Kile cha zamani cha Schiotz, chenye uzito wa gramu 5.5, kisilazwe kabisa juu ya jicho lenye jeraha bichi.

Jeraha lenyewe ni suala la umekanika. Handaki la upasuaji wa mkono, SICS, hujifunga kwa sababu mdomo wake wa ndani ni vali: presha ya jicho huukandamiza. Ili vali ifanye kazi, anza milimita 1.5 hadi 2 nyuma ya ukingo wa konea, mkato wa milimita 6 hadi 6.5 wenye umbo la mdomo ulionuna, kina cha nusu ya unene wa sklera (ukuta mweupe wa jicho), kisha ingia milimita 1 hadi 1.5 ndani ya konea angavu kabla ya kutoboa. Mdomo wa ndani uwe mpana kuliko wa nje, kama milimita 8. Ukienda juujuu utatoboa paa. Ukienda kina utaingia mapema, irisi itachungulia, na vali haipo tena. Hapo shona, usione haya. Mkato wa juu hulegeza konea kwa wima na kuleta astigmatizimu, yaani konea isiyopinda sawa pande zote, mara nyingi dayopta 1 hivi. Konea za wazee wengi tayari zimeelemea upande huohuo, kwa hiyo kwao mkato wa upande wa sikio ni bora, hata kama kiti cha mpasuaji kitabidi kihamishwe.

Kinachoua seli mezani

Hapa kuna mabishano ya kila siku: fako, yaani kuvunja lenzi kwa mawimbi ya sauti na kuinyonya, au SICS? Kwa kiini cha lenzi cheusi kigumu kama kokwa, ambacho ndicho tunachokiona mno kwa wagonjwa waliokaa miaka bila kuona, fako huhitaji nguvu nyingi za sauti na maji mengi, na vipande hurukaruka vikigonga endotelia. Jaribio la Nepal lililochapishwa 2007 na Sanduk Ruit na wenzake lilikuta matokeo ya kuona yakikaribiana, huku konea za SICS zikiwa na uvimbe mdogo siku ya kwanza. Kwa kiini laini na mkono uliozoea, fako ni nzuri. Kwa kiini cheusi na mkono unaojifunza, SICS ni huruma kwa konea. Kuwa na mashine ghali hakubadilishi hilo.

SICS nayo ina dakika yake ya hatari, pale kiini kinapotolewa kwenye kapsuli, mfuko wa lenzi, na kuletwa chemba ya mbele. Kwa sekunde hizo jiwe liko milimita chache, au chini ya milimita, kutoka kwenye ukuta usiozaa seli. Jeli ya kukinga seli, HPMC asilimia 2, iwekwe juu ya kiini kwanza, chini yake baadaye, na iongezwe kabla ya kukitoa. Wabanaji wa jeli hujidanganya: sirinji moja iliyookolewa ni wiki za matone ya steroidi. Kiini kikikwama mlangoni, usisukume. Kilichokwama kinapanda juu kwenye kuba la konea na kusugua. Kirudishe nyuma kidogo kwa jeli, panua mdomo wa ndani, jaribu tena. Tazama pia kama maji yanatoka kweli kwenye kijiko cha umwagiliaji kabla ya kukiingiza.

Kwa fako, kinga ni zilezile kwa sura nyingine. Jeli inayotapakaa, ya kondroitini au HPMC, hubaki imegandamana na endotelia. Ile inayoshikamana kama hyaluroneti tupu hutoka yote kwa mvuto mmoja. Mpasuaji wa macho Steve Arshinoff alieleza 1999 namna ya kuzitumia pamoja: ya kutapakaa kwanza, ya kushikamana chini yake ili iisukume juu dhidi ya konea. Vunja kiini chini, usawa wa irisi au ndani ya kapsuli, na ongeza jeli kabla ya robo ya mwisho, kwani kipande cha mwisho kina nafasi kubwa ya kuruka. Kabla ya kukanyaga pedali ya sauti, nyonya jeli kidogo mbele ya ncha. Jeli ikiziba, maji ya kupoza hayatembei, na jeraha huungua kwa sekunde. Ukiona maziwa yakijikusanya kwenye ncha, ondoa mguu. Kolajeni iliyoungua hujikunja, jeraha halifungi, na astigmatizimu yake haina dawa rahisi.

Maji yanayoingia jichoni yanastahili aya yake. Seli za endotelia hushikana kwa msaada wa kalisi. Maji ya chumvi ya kawaida hayana kalisi na yana tindikali, pH yake 5.5 hivi, yakipitishwa kwa dakika kadhaa viungo kati ya seli hulegea. Ringer laktati ina kalisi na inafaa kwa upasuaji mfupi, ingawa haina bikaboneti wala glukosi. Mchanganyiko maalumu wa macho ni bora, hasa kwa konea iliyowekewa alama. Kwa hiyo chupa isomwe kwa sauti na watu wawili kabla ya kutundikwa: chumvi na Ringer hufanana sana zikiwa zimening’inia. Adrenalini ya kupanua mboni, mililita 0.5 ya 1:1,000 ndani ya mililita 500, iwe isiyo na kihifadhi. Rangi ya kuonyesha kapsuli ni tripani bluu. Methilini bluu si ndugu yake; ni sumu kwa endotelia, na chupa mbili za rangi ya bluu zisikae trei moja. Povidoni-ayodini ya asilimia 5 huokoa macho ikiwa nje, dakika 3 kabla ya kukata, lakini ioshwe, isiingie ndani. Klorheksidini ya kuoshea ngozi isikaribie jicho.

Kambi za upasuaji zina udhaifu wake. Wagonjwa ni wengi, seti za vyombo ni chache, na mirija myembamba kama ya Simcoe hurudi mezani upesi. Sabuni ikibaki ndani ya mrija, mvuke wa kusafishia hauiondoi. Sukuma maji safi ndani ya kila mrija kwa sirinji mara tu kesi inapoisha, kabla jeli haijakauka, kisha suuza tena kwa maji tasa yaliyochujwa, kisha hewa. Macho matatu ya orodha moja yakiamka na konea nyeupe ukingo hadi ukingo, simamisha orodha na utafute chupa, mrija au dawa iliyoyaunganisha.

Asubuhi ya kwanza

Uvimbe una lugha, na ni lazima usomwe kabla ya kuandika dawa. Stroma nene yenye mikunjo kwenye utando wa Descemet, presha ya kawaida, ni endotelia iliyochoka: prednisoloni asilimia 1 kila saa wakati wa mchana kwa siku 2, kisha punguza, nyingi husafika ndani ya wiki 1 au 2. Epitelia yenye malengelenge madogo huku stroma ikiwa si nene sana ni presha iliyopanda, kwa kawaida kwa jeli iliyoachwa ndani, na hutokea saa 4 hadi 24 baada ya upasuaji. Acetazolamidi miligramu 500 kwa mdomo, lakini uliza kwanza selimundu, figo na mzio wa salfa. Timololi, uliza pumu. Presha ikipita 40, legeza jeraha la pembeni kwa sindano butu chini ya usafi kamili.

Konea nyeupe yote ndani ya saa 12 hadi 48, maumivu kidogo au hakuna, ni sumu iliyoingia wakati wa upasuaji, huitikia steroidi. Maumivu yanayoongezeka, usaha chemba ya mbele, kuona kukishuka siku ya 2 hadi ya 7, ni maambukizi hadi ithibitike vinginevyo. Mpasuaji mwenye shaka achukulie maambukizi, apeleke mgonjwa hospitali ya rufaa siku hiyohiyo.

Na kuna uvimbe wenye mpaka mkali, upande mmoja umefura, wa pili angavu, karibu na jeraha. Huo ni utando wa Descemet uliobanduka, na hukosewa sana kwa kuitwa “konea iliyochoka”. Matone hayataubandika. Kiputo cha hewa chemba ya mbele, mgonjwa akilala chali, hufanya kazi vizuri zaidi kadiri kinavyowekwa mapema. Panua mboni au punguza hewa baada ya saa 2 isije ikaziba njia ya maji.

Matone ya chumvi ya asilimia 5, mara 4 kwa siku, hupunguza malengelenge ya epitelia. Kwa stroma iliyofura yana msaada mdogo, na wagonjwa hununua chupa baada ya chupa kwa matumaini yasiyolingana. Konea isiyosafika baada ya miezi 3 huhitaji kupandikizwa safu ya ndani. Uganda sasa ina sheria ya 2023 ya uchangiaji na upandikizaji wa viungo, lakini mgonjwa wa Karamoja asiambiwe kana kwamba konea iko kwenye duka la dawa la mjini.

Jicho la pili ndilo linalosahaulika. La kwanza likichelewa kusafika, ratiba ya la pili isifuate kalenda ya kambi. Pima unene wa konea ambayo haijaguswa, asubuhi na alasiri, tafuta guta kwa taa ya mwanya, na andika kwenye kadi jeli iliyotumika, aina ya maji, ugumu wa kiini na muda uliotumika. Halafu chagua mpasuaji mzoefu kuliko wote mlio naye siku hiyo, mgonjwa awe wa kwanza kwenye orodha.